Maganda ya Kunde

Damari Kalinga hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani Kihesa, wenzake wakiwa wametulia kusikiliza mahubiri, mguu wake wa kulia ulipiga sakafu polepole kama wa mtu anayeshona kwa cherehani. Majirani walishamzoea. Walijua kwamba ukimwita kunywa chai ataipokea, atainywa amesimama, na kabla kikombe hakijapoa yuko mlangoni anaaga.

"Huyu kazi yake kulaza watu usingizi," walisema, "wa kwake ameugawa wote."

Kazi yake ilikuwa hiyo kweli. Katika hospitali alikoajiriwa mjini Iringa, daktari ndiye aliyepasua. Lakini kabla ya kisu, wakati wa kisu na baada ya kisu, alikuwapo mtu aliyekaa kichwani pa mgonjwa, ameshika taya, anasikiliza pumzi ikiingia na kutoka. Mtu huyo alikuwa Damari. Wagonjwa walimwita Mama Usingizi, ingawa mwaka ule wa 1976 alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuwa na mtoto.

Kusikiliza alijifunzia nyumbani, Kalenga. Baba yake, Mzee Eliezeri, alifuga nyuki, na tangu Damari akiwa mdogo alimpeleka kwenye mizinga, akamfundisha kuweka sikio juu ya gome na kujua kama ndani mna uhai, kama wamejaa au wamepungua, kama wana hasira. "Usifungue kwanza," baba alimwambia. "Sikiliza kwanza." Alipokuja kuweka sikio kwenye kifua cha mgonjwa kwa mara ya kwanza, akiwa mwanafunzi wa uuguzi huko Mbeya, alitabasamu peke yake. Aliona ni mzinga tu huu, mzinga wenye mbavu.

Wakati ule alikuwa bado mtu wa kutabasamu. Na mguu wake ulikuwa unatulia.

Mguu ulianza mwaka 1972. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mafunzo ya dawa ya usingizi, akapangiwa hospitali moja ya upande wa Mbeya, na huko akaletewa mtoto wa kike wa miaka mitano aliyeitwa Kalista. Tumbo la Kalista lilikuwa limewambwa kama ngoma, na miguu chini yake myembamba kama mabua. Tangu azaliwe, kwenda haja kubwa kulikuwa mateso. Wiki nzima ilipita, na nyingine ikafuata. Utumbo wake wa chini ulizaliwa haujui kusukuma. Daktari alitaka kumfungulia njia ubavuni, kinyesi kipite huko mpaka atakapokua.

Mama yake, Severina, mkulima wa Inyala, aliambiwa mtoto asile kitu kuanzia jioni. Asubuhi Damari akamuuliza, "Amekula?"

"Hajala, Sista."

Damari akaandika. Dakika chache baada ya mtoto kulala, chakula kilipanda kutoka tumboni, kikajaa mdomoni, kikashuka kwenye mapafu. Walimgeuza, wakafyonza, wakampulizia hewa mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Kalista hakuamka.

Ndipo Damari akafanya jambo lile. Alitoka nje na aproni yake imelowa, akamkuta Severina ukumbini, amekaa na mama mkwe wake, mawifi zake, na wagonjwa wa siku hiyo wamejipanga kwenye mabenchi. Akasema kwa sauti, mbele yao wote:

"Umemlisha! Nilikuuliza ukanidanganya. Umemlisha mwanao!"

Severina alifungua mdomo, akaufunga. Mama mkwe wake alimgeukia taratibu, akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Mwaka uliofuata Damari aliomba uhamisho akarudi Iringa, karibu na kwao. Mguu ulikuja naye.

Hakuwachukia akina mama. Alijiambia anawaelewa: nani anayeweza kumtazama mtoto wake akishinda na njaa, akakaza moyo? Lakini kuwaamini hakuweza tena. Iringa walimpitia watoto wengine wawili wenye matumbo ya namna ile, na kwa kila mmoja, kabla ya kumlaza, alipitisha mpira tumboni kwanza akatoa kilichomo. Mara zote mbili alikuta chakula. Mara zote mbili alimvuta mama pembeni. Wa kwanza alilia. Wa pili aliapa mikono imeshika rozari, na Damari akatikisa kichwa tu, akaenda zake.

Baada ya yule wa rozari alianza desturi yake. Mtoto akiambiwa asile kwa ajili ya upasuaji, Damari naye hali. Anabeba kiti, anakaa karibu na kitanda, na hambandui mtoto macho mpaka asubuhi. Wodi nzima ilimsifu. Akina mama walisema hawajapata kuona muuguzi mwenye huruma namna ile, anayefunga pamoja na mtoto wa mwenzie. Damari aliwaacha waseme. Hakutaka kuwaambia kwamba yeye pale ni mlinzi, na mwizi anayemvizia ni wao.

*

Shigela alifika Jumatatu jioni, mwezi wa saba, wakati baridi ya Iringa inapouma masikio. Alikuwa na miaka sita. Walitoka Usangu, bondeni kabisa, yeye na mama yake, juu ya lori la mpunga. Watu wao ni Wasukuma waliohamia kule na ng'ombe zao miaka michache nyuma. Baba yake, Malimi, aliwapandisha kwenye lori akabaki na mifugo.

Mama yake aliitwa Mbuke, mwanamke mrefu mwenye sauti kubwa ya watu wanaoitana ng'ambo ya mbuga. Mtoto alikuwa ameegemea paja lake, tumbo mbele, macho makubwa, hasemi.

"Amekula lini mara ya mwisho?" Damari aliuliza.

"Leo alfajiri, kabla ya kupanda gari. Bibi yake Kashindye kampa michembe na kunde. Bibi alisema mtoto hapandishwi gari tumbo tupu."

"Michembe ndiyo nini?"

"Viazi, dada. Tunakata, tunaanika, halafu tunapika. Huku hamna?"

"Huku hatuna."

"Basi mnakula nini?" Mbuke aliuliza, na alikuwa anashangaa kwa dhati.

Damari alibana ngozi ya mtoto mkononi kwa vidole viwili, akaiachia. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Midomo ilikuwa imekauka. Mguu wa Damari ukaanza.

Daktari Liberatus, mpasuaji wa hospitali, alitaka kuanza kesho yake asubuhi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili wake, na ndiye aliyejulikana pande zile kwa kupasua matumbo ya watoto.

"Kesho hapana, Daktari," Damari alisema. "Mtoto amekauka. Tukimlaza hivi, hatutamwamsha. Apate maji ya mshipa kesho siku nzima. Tumpasue Jumatano."

"Jumatano nina akina mama wawili."

"Wafuate nyuma yake."

"Ukiolewa wewe, mumeo atakula saa ngapi?"

"Atajipikia."

Liberatus alicheka, akaandika Jumatano.

Asubuhi ya Jumanne walimpima uzito. Sedekia, muuguzi kijana aliyemsaidia Damari, aliinama akasoma mizani. "Kilo kumi na sita."

"Andika kumi na tatu."

"Sista, mizani imesema kumi na sita."

"Mizani imempima na mzigo wake. Mtu akipanda hapo na gunia la mpunga mgongoni, utampa dawa ya kulalia ya kwake na ya gunia?"

Sedekia alilitazama lile tumbo, akatazama mikono ya mtoto, myembamba kama mipini ya vijiko. Akaandika kumi na tatu.

Jambo la mwisho Damari alilofanya na kila mtoto kabla ya kumlaza ni kumuuliza kitu ambacho mtoto mwenyewe anakijua vizuri, ili akija kuamka amuulize tena. Akijibu sawasawa, Damari anajua amerudi mzima. Alichuchumaa mbele ya Shigela.

"Nyumbani mna ng'ombe?"

Mama akamgusa bega ajibu. Mtoto aliitikia kwa kichwa.

"Wewe unampenda yupi?"

Shigela alifikiri. "Dume la jembe."

"Anaitwa nani?"

"Serikali."

Sedekia aligeuka dirishani kuficha uso.

"Kwa nini anaitwa Serikali?"

"Hasikii," Shigela alisema.

Mbuke alicheka mpaka akashika ukuta, akaomba radhi, akasema jina hilo baba wa mtoto ndiye aliyelitoa, wasiliandike popote.

*

Damari alimwambia Mbuke mtoto asile kitu tena, na kutwa ile ya Jumanne alikaa kwenye kiti chake. Maji yalidondoka kutoka kwenye chupa, tone baada ya tone, nayo midomo ya mtoto ikaanza kupata rangi. Kila alipohitaji kutoka, alimwita Sedekia akae badala yake, naye Sedekia alikula kiapo kwamba hata nzi hataingia kinywani mwa mtoto. Ugali na maharage ya wodi vilipoletwa mchana, Damari alifunika sahani yake.

"Dada, mbona huli?" Mbuke aliuliza.

"Mtoto akifunga, na mimi hufunga."

Mbuke alinyanyuka. Kisha akachukua sahani yake mwenyewe, akampa mama wa kitanda cha pili, akarudi akakaa sakafuni. "Haya. Tufunge sote watatu."

Damari hakutazamia hilo. Alitazama pembeni, akanyanyuka, akaangalia chupa ya maji ambayo alikuwa ameiangalia dakika moja iliyopita, akakaa, akanyanyuka tena.

Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua kidogo, kama unywele uliokwama kwenye ulimi. Shigela hakulilia chakula. Watoto wote aliowahi kukaa nao walilia njaa ikifika jioni. Walinusa sahani za wenzao, wakanyoosha mikono. Huyu alilala ubavu akitazama ukuta, na ugali ulipopita karibu yake alikunja pua. Damari aliliona hilo akalipita.

Usiku ulikwisha, yeye kitini, Mbuke sakafuni. Mpaka kulipopambazuka Jumatano, Damari angeweza kuapa mbele ya hakimu yeyote: kwa zaidi ya saa ishirini na nne hakikupita kitu kwenye koo la mtoto yule.

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi. Alimweka Shigela kichwa na mabega yameinuliwa kwenye mto, maana akilazwa chali kabisa lile tumbo lingesukuma mapafu juu, akose pa kuvutia hewa. Pampu ya kufyonza ilikuwa ile ya mguu, kwa sababu umeme haukuwa wa kutegemewa, na Sedekia alishasimama karibu yake. Damari hakubaki na wasiwasi juu ya chakula. Lakini mpira ni desturi, akaupitisha mdomoni taratibu, akimwambia mtoto ameze, ameze, kama anameza mlenda, mpaka ukafika tumboni. Mwisho wake ukaelekea kwenye bakuli.

Kwanza yalitoka maji ya kijani. Kisha mpira ukakwama. Damari aliingiza maji kidogo, akavuta, na kikaanza kuja kitu kizito, cha kahawia, chenye harufu tamu iliyochacha. Bakuli lilifika nusu.

"Ametoa wapi yote haya?" Sedekia alinong'ona. "Sista, naapa, mimi sikumpa kitu."

Damari alichukua bakuli akaenda nalo dirishani. Ndani ya ule uji wa kahawia zilikuwa zimeelea ngozi ndogondogo, nyembamba, kila moja imejikunja kama ukucha wa mtoto. Aliinua moja kwa ncha ya koleo, akaiweka kwenye mwanga.

Ganda la kunde.

Wodini kulikuwa na maharage tu, wiki nzima. Na ile rangi ya kahawia, ile harufu tamu, haikuwa ya ugali wala ya uji. Hapakuwa na nyumba moja Iringa yote iliyopika kitu kama kile. Ilikuwa michembe ya Bibi Kashindye, ya juzi alfajiri, iliyopanda lori kutoka Usangu, ikalala wodini siku mbili, na haikushuka.

"Mama kamlisha?" Daktari Liberatus aliuliza akinawa mikono.

"Hapana." Lilimtoka haraka mno, na daktari akageuka. "Nilikuwa naye. Hiki ni chakula cha juzi, Daktari. Kimekaa humu humu."

Liberatus alikuja akatazama. Hakutania. "Siku mbili," alisema. "Inawezekana. Huko chini kumefungwa. Kinachoingia juu kitaenda wapi?" Akatikisa kichwa. "Tunawahesabia saa kana kwamba matumbo yao ni kama yetu."

Damari alibaki amesimama na bakuli. Ukumbi ule wa Mbeya ulimjia wote, mabenchi, aproni iliyolowa, mama aliyefungua mdomo akaufunga. *Hajala, Sista.* Miguu ilitaka kutoka, ikimbie, sijui wapi. Lakini mezani palikuwa na mtoto wa miaka sita amemkazia macho, mpira mdomoni, anasubiri kuambiwa afanye nini.

Aliweka bakuli chini. Akarudi kichwani pa mtoto.

Aliosha lile tumbo mara saba, mpaka maji yakatoka meupe. Bado hakuridhika. Alimwonyesha Sedekia mahali pa kukandamiza kooni kwa vidole viwili ili njia ya chakula ifungwe mtoto anapozama, na kumwambia asiachie hata paa likianguka. Kisha akachoma sindano, dawa ya kilo kumi na tatu, wala si ya kumi na sita. Macho ya Shigela yalizama. Kwa mikono iliyokuwa imetulia kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wake, Damari alipitisha mpira mwingine kwenye njia ya hewa, akaufunga vizuri, akaweka sikio kifuani. Kulia, hewa. Kushoto, hewa. Mzinga ulikuwa na uhai.

"Endelea, Daktari."

Robo saa baadaye, Liberatus akiwa ameshika utumbo, kitu kikaguruma ndani ya mtoto na maji ya kahawia yakapanda yakajaa kinywani. Tumbo halikuwa limemaliza. Sedekia alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga moto.

"Kanyaga pampu! Mguu, Sedekia, mguu!"

Damari aligeuza kichwa cha mtoto, akafyonza, akafyonza tena, mashavuni, chini ya ulimi, nyuma kabisa. Njia ya hewa ilikuwa imefungwa, hakikupita kitu. Aliweka sikio. Kulia, hewa. Kushoto, alisubiri, hewa.

Miaka minne nyuma hapakuwa na mpira pale. Palikuwa na neno la mama tu, na lilikuwa neno la kweli, na halikutosha.

Liberatus alipofungua njia ubavuni, upepo ulitoka kwa mlio mrefu kama tairi la lori, chumba kizima kikanuka, na tumbo la Shigela likashuka polepole mbele ya macho yao mpaka mbavu zikaonekana. "Karibu duniani," daktari aliuambia utumbo.

Kumwamsha hakukuwa kazi ya haraka. Walimlaza ubavu, na Damari alikataa kutoa mpira wa hewa mpaka mtoto mwenyewe alipokohoa na kuinua mkono kuushika. Alipoutoa, aliinama sikioni.

"Shigela. Ng'ombe wenu anaitwa nani?"

Kimya. Mguu ukapiga sakafu.

"Shigela. Lile dume la jembe. Anaitwa nani?"

Midomo ilisogea. Hakuna kilichotoka. Sedekia aliacha kufunga vyombo. Daktari aliyekuwa mlangoni alisimama.

"Baba, nijibu. Anaitwa nani?"

"Serikali," Shigela alisema, kwa sauti ya mzee. Na baada ya muda, macho yakiwa bado yamefumba: "Hasikii."

*

Mbuke alipoambiwa, alikaa chini pale pale ukumbini akashika kichwa. Kisha akamshika Damari mikono yote miwili. "Dada, umefunga na mwanangu. Huko nyumbani nitasimulia."

"Usisimulie hivyo," Damari alisema. Alikaa chini karibu yake, jambo ambalo wodi haikuwa imeliona. "Sikukaa pale kwa ajili ya huruma. Nilikuwa nakuvizia wewe, usije ukamlisha."

Mbuke alimtazama, hakuelewa. "Nimlishe kwa nini? Si ulisema asile?" Akafikiri. "Nimekaa juu ya magunia kutoka Usangu kuja kukusikiliza, halafu nikifika nisikusikilize?"

Damari alimsaidia kunyanyuka, akampeleka kwa mwanawe.

Alimhudumia Shigela siku tatu, akamwona akimeza uji vijiko vitatu, akaona ule mfuko wa ubavuni ukifanya kazi. Jumamosi alfajiri, bila kula, alipanda basi la Mbeya.

Inyala haikuwa ile aliyoisikia mwaka 1972. Watu walikuwa wameletwa pamoja katika kijiji, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara kuu, na mashamba yamebaki mbali mlimani. Aliuliza kisimani.

"Severina yupi?" mwanamke mmoja aliuliza, ndoo kichwani. "Tunao wawili. Yule mwalimu wa kushona, au yule aliyemlisha mtoto?"

Damari alishika ukingo wa kisima.

"Huyo," alisema.

Njiani yule mwanamke alisema mengi bila kuulizwa. Kwamba Severina ni mchapakazi, hana ubaya. Msibani anachota maji, anapasua kuni, lakini sufuria ya watoto haikorogi. Si kwamba kakatazwa, ni yeye mwenyewe hukaa mbali. Mtoto wake wa pili, Edmund, ana miaka mitatu, analishwa na bibi yake. "Ndivyo ilivyokuwa tu," alisema, akageuka njia ya kwake.

Uani alikuwapo Severina akipukuchua mahindi, na mama mkwe wake kwenye mkeka na mjukuu. Majirani wawili walikuwa wamekaa ukutani wakiota jua. Severina aliinua macho. Alimtambua kabla hajasalimiwa, na mkono wake ukasimama juu ya gunzi.

Damari alikuwa amepanga maneno kuanzia Makambako mpaka Igawa. Yote yalimpotea. Alisimama katikati ya uwanja, akasema kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ile, ili kila mtu asikie:

"Mimi ndiye nesi wa Mbeya. Nilisema mbele za watu kwamba mama huyu alimlisha mtoto wake. Si kweli. Hakumlisha. Ugonjwa ule unazuia chakula tumboni siku mbili, tatu. Kilichomuua Kalista kilikuwa chakula cha siku za nyuma, cha halali, na mimi ndiye niliyepaswa kukitoa kwanza kabla ya kumlaza. Sikujua. Juzi nimekiona kwa macho yangu, kwa mtoto mwingine. Mama huyu alinijibu ukweli, nikamwita mwongo."

Jirani mmoja alisema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo.

Severina alipukuchua punje mbili, tatu. Zilianguka kwenye ungo.

"Kalista alikula magimbi," alisema. "Siku moja kabla ya kwenda. Alikuwa anayapenda." Akageuza gunzi. "Miaka minne najiuliza kama nilimpa usiku ule nikasahau. Wote wakikuambia umefanya jambo, unaanza kujikumbuka ukilifanya. Kuna usiku namwona kabisa mkono wangu, na kijiko."

"Hukumpa," Damari alisema.

"Sikumpa," Severina alisema, kama anajaribu nguo.

Mama mkwe alimtoa mjukuu mapajani. Alinyanyuka kwa shida, mkono kiunoni, akaingia ndani. Walisikia vyombo. Alitoka na bakuli la uji na kijiko, akamshika Edmund mkono akamvuta mpaka mbele ya Severina, akamkalisha, akaweka bakuli kwenye paja la mkwewe juu ya punje za mahindi.

"Uji unapoa," alisema, akarudi kwenye mkeka wake, akageuzia uso ukutani.

Edmund alitazama bakuli, akatazama mama yake, akafungua mdomo.

Kijiko cha kwanza cha Severina kilikwenda upande, uji ukadondoka kidevuni. Cha pili kilifika. Damari alikuwa bado amesimama, mguu unapiga vumbi, mkoba mkononi.

"Na wewe kaa, basi," Severina alisema bila kumtazama. "Umesimama kama mgambo."

"Nina basi la saa tisa."

"Magimbi yameiva. Umekula?"

"Sijala."

"Kaa."

Damari alikaa kwenye kigoda. Jirani alimletea sahani, magimbi yanatoka moshi. Alimenya moja, akala. Lilikuwa la moto mno, na alikuwa na njaa kuliko alivyojua.

"Yule mtoto mwingine," Severina aliuliza, akikwangua bakuli, "anaitwa nani?"

"Shigela. Wa Usangu."

"Ameshakula?"

"Uji. Vijiko vitatu."

"Mpunguzieni sukari," Severina alisema. "Itamjaza gesi." Na akampangusa Edmund kidevu kwa kiganja.

Barabarani basi la saa tisa lilipita likipiga honi, likipunguza mwendo kituoni. Damari alilisikia. Alinyoosha mkono akachukua gimbi la pili.